Mashine ya Kulalia Imepotea Koboko

Jumamosi, 14 Januari 1995. Arua, Uganda.

Nimeosha barakoa ya mashine yangu, nimeianika dirishani, nimepangusa mpira wake kwa kitambaa. Kama kila asubuhi. Tofauti ni kwamba hapa maji ni ya ndoo na yana rangi ya chai.

Mwenye nyumba ya wageni aliniapia kwamba jenereta itawaka mpaka alfajiri. Aliizima wageni walipomaliza kula. Nikaamka nimebanwa koo, moyo unakimbia, mashine kimya kabisa puani mwangu. Asubuhi bwana huyo ananiuliza kama nimelala salama. Nimemwambia nimelala salama nusu. Akacheka. Alidhani ni utani.

Ndiyo maana naandika. Bila hivi nitamtukana mtu.

Ugonjwa wangu mchana hauonekani, kwa hiyo watu hawauamini. Nikilala, koo linajifunga. Pumzi inakatika, nashtuka, navuta hewa kwa kelele, inakatika tena. Usiku kucha. Daktari wa Nairobi alisema moyo utachoka, na siku moja pumzi ikikatika haitarudi. Salama, binti yangu muuguzi kule Uingereza, akaniletea mashine. Sanduku la kijivu linalosukuma hewa, mpira mrefu kama mkonga wa tembo, na barakoa nyeusi ya kufunga usoni kwa mikanda. Sura yake mbaya kweli. Lakini tangu niipate nalala kama binadamu.

Mchana huu naenda Koboko, kwetu. Ijumaa mdogo wangu Juma anamwoza binti yake, Hawa. Shangazi ndiye anayelala na bi harusi wiki nzima ya mwisho, chumba kimoja, mpaka amkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi akiondoka kabla, watu husema ukoo umegombana na ndoa ina mkosi. Mashangazi tulikuwa watatu. Nimebaki mimi. Kwa hiyo lazima nikae, na ili nikae lazima nilale, na ili nilale lazima mashine. Hesabu ni hiyo tu.

Jumapili, 15 Januari. Koboko.

Vumbi. Nimelila, nimelivaa, nimeliogea. Njiani kuna kizuizi cha wanajeshi siku hizi, kwa sababu ya maneno ya waasi mpakani. Walipekua wanaume. Mimi, mama mnene wa kilemba, waliniambia nipite.

Juma amezeeka kuliko mimi. Tangu jeshi lao la zamani lishindwe amekuwa mtu wa kusaga unga, lakini bado anasimama wima kama yuko gwaride. Ana mashine ya kusagia na jenereta ndogo anayoonyeshea video jioni. Aliiacha iwake mpaka asubuhi kwa ajili yangu, bila hata kuguna juu ya mafuta. Nililala vizuri sana.

Hawa alicheka barakoa mpaka akajifunika shuka. Mama yake, Mariamu, naye alicheka. Juma alikuja mlangoni, akaniona nimeivaa, akasimama kidogo, akaondoka. Hakuuliza kitu. Mdogo wangu huyu anauliza hata bei ya vifungo vya gauni langu. Nimeshangaa.

Jumatatu, 16 Januari.

Mashine imeibwa.

Nilikwenda kisimani na wanawake, nikarudi, mkoba uko palepale chini ya kitanda, umefungwa vizuri, umetuna vizuri. Ndani blanketi la zamani limekunjwa. Mwizi aliyekunja blanketi kwa pembe nne! Mwizi wa Nairobi angebeba na mkoba.

Nimeuliza kila mtu. Mariamu anasema panya. Nimemwambia, wifi, panya wa hapa wanafunga zipu? Jirani anasema watoto. Watoto wamelia nilivyowafokea. Juma anasema, "Itaonekana tu, dada," huku anatazama pembeni, kisha akaenda kukagua mkanda wa mashine ya kusagia ambao hauna kasoro yoyote.

Hakuna anayeelewa. Wananihurumia kana kwamba nimepoteza redio. Nimesema nitakufa usingizini. Wamesema Mungu ataepusha, wakarudi kuchambua mchele.

Nina hasira.

Jumanne, 17 Januari.

Nimelala kwa kukaa, mgongo kwenye magunia ya mahindi. Kama hiyo ni kulala. Kichwa kinagonga. Macho yana mchanga.

Leo wamekuja wazee wa upande wa bwana harusi. Baba mdogo wa bwana harusi ni mwanajeshi wa jeshi la sasa, amekuja na sare, na wenzake wawili. Sisi tumeketi kwa heshima, mimi mbele kama shangazi. Nilikuwa nasikiliza habari za ng'ombe. Kilichofuata ni Mariamu kunifinya paja. Nilikuwa nimekoroma. Mbele ya wakwe! Mzee mmoja alisema kwa upole, "Mama iko choka." Vijana walitoka nje kwenda kucheka. Sijawahi kuaibika hivyo tangu niolewe.

Juma hakucheka. Muda wote alikaa na jasho usoni, akimjibu yule mwenye sare "ndiyo, afande" kwa kila kitu, hata alipoulizwa kama ataongeza chai.

Sasa wanawake wamekata shauri kwamba nina jini la kukaba. Wameniletea kombe, aya zimeandikwa kwenye sahani na kuoshwa, ninywe. Nimekunywa. Maneno ya Mungu siyakatai. Lakini nimewaambia jini hilo linaogopa umeme tu.

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kukaa na kulia. Nimechukua magunzi ya mahindi, nimeyashonea mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, katikati kabisa. Nikigeuka chali yananichoma, naamka, narudi ubavuni. Nikilala ubavu koo halijifungi sana. Nadhani. Gauni zuri nililolishona kwa ajili ya safari hii, sasa lina nundu.

Jumatano, 18 Januari.

Magunzi yanasaidia kidogo. Kidogo mno. Nimeamka nimelowa jasho, midomo mizito.

Lakini si hilo linalonichoma leo. Asubuhi wanawake wamekuja kumpaka Hawa msio wa kulainisha uso, wakamkuta macho mekundu, yamevimba. Wakaanza kunong'ona kwamba msichana hampendi mume, analia. Mariamu akaanza kumgombeza. Mimi nikamvuta kando nikamuuliza. Akakataa kusema. Nikambana.

"Shangazi, pumzi yako inaisha. Nahesabu. Ikichelewa, nakufinya."

Siku mbili hajalala. Anakaa kitako juu ya mkeka karibu na kichwa changu, mtoto wa watu, ananisikiliza. Nilipotazama mkono wangu niliona alama. Nilikuwa nadhani ni kunguni.

Nimejificha nyuma ya jiko nimelia. Kwa hasira, kwa aibu, kwa uchovu, sijui. Nimekuja kumlinda bi harusi, bi harusi ananilinda mimi. Kesho kutwa ataolewa na uso kama wa mfiwa.

Maji yamenifika shingoni. Jioni nimewaita Juma na Mariamu. Nimewaambia kesho narudi Arua, na kutoka huko Kampala, na kutoka huko nyumbani Nairobi, kwa daktari wangu. Waseme wanavyotaka juu ya mkosi. Mariamu amepiga kelele. Amesema namwua binti yake. Nimesema nikibaki mtanizika Ijumaa, mchague sherehe ipi mnapenda.

Juma ametazama nje, amefunga mlango, amesema kwa sauti ya chini, "Usiende, dada. Kesho asubuhi sana, kuja nyuma ya mashine ya unga."

Nimemwelewa papo hapo. Ni yeye. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Sijui nitamfanya nini.

Alhamisi, 19 Januari.

Nimeandika mstari huu mara tatu nikaufuta.

Alikuwa na jembe. Alichimba nyuma ya kibanda cha mashine, palipomwagwa pumba ili udongo mpya usionekane. Shimo la kina, kuta zimenyooka. Ndani turubai, ndani ya turubai nailoni, ndani ya nailoni mashine yangu. Kavu kabisa. Mpira umekunjwa bila kuvunjika. Na barakoa ameipaka grisi! Grisi ya mashine ya kusagia, nene, kila mahali, ili mpira usipasuke ardhini. Alifundishwa hivyo jeshini.

Nilimpiga. Mimi, mama mwenye wajukuu, nilimpiga mdogo wangu kofi la shingo kama zamani. Hakujikinga.

Kisha akasema. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Dada, hii kitu iko ya jeshi, ya gesi ya sumu. Mimi nilivaa kama hii kwa mafunzo. Nilikuona nayo usiku, roho yangu ikakimbia. Mimi mwanajeshi ya zamani. Askari wakipata hii kwa nyumba yangu, nani atauliza kama iko ya kulala? Na yule afande anakuja kunywa chai hapa."

Nikamwambia angesema. Neno moja tu, ningeificha mwenyewe.

"Mbele ya watu? Mutu mmoja akisikia, soko yote inasikia."

Nikamwambia ni woga wa kijinga. Nikamwambia nyakati zile zimekwisha. Hapo ndipo aliposimamisha jembe alilokuwa anafukia nalo shimo.

"Wewe hapana jua. Wewe ilikuwa Nairobi. Yusufu walimupata na nini? Mukanda. Mukanda ya jeshi tu, alikuwa anafungia godoro."

Yusufu ni kaka yetu mkubwa. Niliambiwa alikufa kwa homa wakati ule watu wa kwetu wakikimbilia Zaire, askari wapya wakiwasaka wa zamani. Miaka yote hii nimemwombea kama mtu aliyekufa kwa homa. Juma alikuwa amejificha kwenye mtama, aliona walivyomuua. Mama alimkataza kuniambia, nisije nikapanda gari kuja. Mama naye akafa, Juma akabaki na siri hiyo peke yake.

Nilikaa chini kwenye pumba. Hasira haikuondoka. Bado ninayo, namkasirikia yeye, mama, na waliomchukua Yusufu, na mimi mwenyewe niliyekuwa nashona mapazia ya watu huku haya yanatokea. Tulikaa mpaka wasagaji wa kwanza wakafika na mabeseni yao.

Mchana kutwa nimesugua barakoa. Maji moto, sabuni, majivu, sabuni tena. Bado inanuka lori.

Juma amesema jioni atawasha jenereta, na wageni wakiuliza atasema ni kwa ajili ya taa za harusi. Ameweka taa nyingine uani ili iwe kweli.

Ijumaa, 20 Januari.

Nimelala. Nilivuta harufu ya grisi mpaka ndotoni, nikaota nasafiri na gari bovu. Lakini nimelala.

Hawa amelala kuliko mimi. Hakusikia adhana, hakusikia mbuzi, mama yake alimwamsha kwa maji. Alipopakwa msio uso ulikuwa laini, unang'aa, na wale wanong'onaji wakabadili maneno wakasema anampenda mno mume.

Nimemkabidhi kwa mkono wangu. Yule baba mdogo mwenye sare alinisalimu kwa adabu, akaniuliza kama leo nimepumzika. Nikasema nimepumzika sana, afande. Juma alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Miguu inauma. Nimecheza zaidi ya umri wangu.

Jumapili, 22 Januari. Arua.

Nimerudi nyumba ileile ya wageni. Jenereta itazimwa, najua, na magunzi ninayo.

Jana nilitaka kuacha mashine. Nilimwambia Juma aivunje, aitupe chooni, nitamwandikia Salama. Sikutaka apitishe usiku mwingine akiwaza kwamba watanikuta nayo kizuizini na kumfuata yeye. Asubuhi nikamkuta amevaa kanzu yake safi, ameketi kwenye gari, mkoba wangu juu ya mapaja yake. Alisema ananisindikiza mpaka Arua.

Kizuizini waliwashusha wanaume wote. Nilimwona kwa dirisha. Hakusubiri kuulizwa. Alifungua zipu mwenyewe, akatoa barakoa, akaiinua kwa mikono miwili ili waione vizuri. Askari kijana aliichukua, akaigeuza, akainusa, akakunja uso.

"Nini hii, mzee?"

"Ya dada yangu. Ya kupumua."

Kijana alinitazama dirishani. Nikafungua mdomo nikakoroma kwa nguvu zangu zote. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaegemea pipa. Kijana akamrudishia Juma barakoa, akasema tupite.

Juma aliirudisha mkobani bila haraka. Akafunga zipu. Alipofika nyuma ya gari akakaa barabarani na kanzu yake safi, mkoba kifuani. Nilishuka nikakaa naye. Dereva alipiga honi, akatugombeza, kisha akazima injini.

Sasa Juma amelala kwenye kitanda cha pili, hajavua viatu. Mlango ameuacha wazi. Anakoroma.