Mama Mkwe Amekalia Kiti cha Koleo

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kulipeleka kwa mtu mwingine bila kuchekwa: nimempoteza mtu wangu Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, saa tisa alasiri, sebuleni kwangu mwenyewe, na aliyemchukua ni mama mkwe. Tulia, mume yupo, ni mtoto wake, wala simzungumzii yeye. Niliyepokonywa anaitwa Koleo, fundi mkuu wa chombo cha anga kiitwacho Kifaranga, na nilimtengeneza mimi.

Najua wasomaji wako watauliza mama mzima na vyombo vya anga wapi na wapi, basi nieleze. Kila Jumamosi tunakaa mezani kucheza hadithi ya wakati ujao. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye msimulizi, anatuambia mlango gani umefunguka na sayari gani imetokea mbele, na sisi wengine kila mmoja anamsemea mtu aliyemtengeneza mwenyewe, na pale isipojulikana kama jambo litawezekana tunarusha dadu. Hakuna mshindi, tunafika pamoja au tunakufa pamoja. Tuko wanne: mimi, mume, shemeji, na jirani yetu mshona viatu, ambaye mtu wake ni rubani mwoga anayesali kila injini inapowaka.

Ukianza unapewa alama arobaini umgawie mtu wako: ufundi, nguvu, hesabu, ujasiri, na kitu kinachoitwa historia, yaani ametoka wapi, amelelewa na nani, anaogopa nini. Mimi ni fundi bomba, nilianza kwa kubeba mabomba ya wengine begani, leo nina karakana yenye mafundi sita na hakuna aliyenishika mkono kufika hapo, kwa hiyo nikipewa arobaini najua zinakokwenda. Kumi na nane ufundi, kumi nguvu, saba hesabu, tano ujasiri, jumlisha mwenyewe. Historia nikaipa sifuri, kwa sababu historia haizibi bomba linalovuja. Shemeji akaniuliza, “Kwa hiyo huyu hana hata mama?” Nikamjibu, “Ana spana.”

Na Koleo alikuwa kazi nzuri, sioni haya kusema. Kila ninachojenga nakijenga kwa kipimo cha mteja, tangi hapa, sinki pale, hapana hilo lirudishe nyuma kidogo, lakini Koleo nilimjenga kwa kipimo changu na hakuna aliyekuja kuniambia nimrudishe nyuma.

Mwezi uliopita nikapata kazi ya kufunga matangi kwenye bweni la chuo, mbali, Jumamosi tatu sikuwepo. Kifaranga hakiruki bila fundi, basi shemeji akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa mpokea simu wa hospitali mpaka akastaafu, na anayekaa nasi tangu afanyiwe upasuaji wa goti, na ambaye siku zote alikuwa kwenye kochi akitusikiliza huku akijifanya anasinzia. Akamwambia, “Mama, hebu mshikie mkweo mtu wake.” Hakuna aliyenipigia simu. Mama akatazama karatasi ya Koleo, akauliza, “Huyu mtoto wa nani?” Akaambiwa pameachwa wazi. Na sheria ya meza yetu ni kwamba palipoachwa wazi, anayecheza anaruhusiwa kupajaza. Akapajaza.

Niliporudi nilivua viatu vya kazi mlangoni nikijua naenda kukaa kwenye kiti changu, nikamkuta mama amekikalia, goti ameliegemeza kwenye stuli, na mshona viatu, mtu ninayemzibia bomba lake bure, akaniambia, “Dada, ngoja kidogo, mama amalizie safari hii.” Safari hii! Shemeji akanipa mtu mpya, mwanagenzi wa Koleo, kazi yake kubeba spana. Mimi. Nibebe spana za Koleo.

Sasa sikia alichofanya, maana hapa hasira na mshangao vinanijia pamoja na sijui kipi kimetangulia. Kifaranga kimegongwa na jiwe, hewa inavuja kutoka chumba cha mizigo, zimebaki dakika nne, na kazi ya Koleo ni kufunga valvu kubwa ili chumba hicho kitengwe na sehemu nyingine ya chombo ipone. Kwa mtu mwenye ufundi wa kumi na nane hiyo ni kuzungusha mkono tu. Nikasema, “Mama, funga.” Akasema, “Ngoja.” Nikasema, “Mama, hesabu iko wazi, tunakufa wote!” Akanitazama juu ya miwani, na kwa sauti ambayo si yake, nzito, ya mtu aliyezoea kulala kando ya mitambo, akaniambia, “Mwanagenzi, punguza mdomo.” Halafu akagonga meza kwa pete yake, ngo, ngo, ngo, akainamisha sikio.

Shemeji akaacha kusimulia. Mume akashusha kikombe taratibu. Na katika ukimya ule mshona viatu, ambaye sote tulidhani rubani wake yuko kwenye usukani, akainua kidole chake kilichojaa gundi na kugonga meza mara tatu. Kumbe rubani alikuwa kwenye chumba cha mizigo, amenaswa humo tangu jiwe lipige, yeye na shemeji walikuwa wamepatana kwa kunong’ona, na asingeweza kusema neno kwa kuwa hakuna ambaye angemsikia.

Mama akatueleza bila haraka, kana kwamba anamzungumzia ndugu. Koleo alilelewa kwenye kituo cha maji cha sayari kavu, baba yake ndiye aliyekuwa akifunga valvu, na siku moja alifunga moja huku mdogo wa Koleo yuko ndani anacheza. Tangu hapo Koleo hafungi kitu bila kugonga. Mshauri, yote hayo aliyatia kwenye sifuri yangu! Mimi nimefunga valvu maisha yangu yote na sijawahi kugonga hata moja. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, mshona viatu angekuwa maiti, tena angekufa kwa hesabu sahihi.

Nilipiga makofi, siwezi kukuficha, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, ndipo nikakumbuka kwamba nimeibiwa.

Na wengine wakiwa bado wanapongezana, mama akaona ninavyokitazama kiti, akanigeukia kwa sauti ile ile ya Koleo: “Mwanagenzi, ukitaka kiti changu, niombe. Macho hayaombi.” Shemeji akaangua kicheko, “Kumbe hata angani kuna wakwe!” Nikacheka nao, na tangu hapo sijui: aliyesema ni Koleo akimwambia mwanagenzi, au ni mama akiniambia mimi?

Kwa sababu nje ya meza ile, maongezi yetu ni shikamoo mama, na je, umekunywa dawa. Mezani ananifokea, ananitania, ananiita kutoka upande wa pili wa chombo kana kwamba tumefanya kazi pamoja tangu zamani. Nikimwomba Koleo nitaonekana namwondoa mgonjwa kitini, na pengine atarudi kwenye kochi lake kusinzia. Nisipomwomba, nitabeba spana za mtu niliyemtengeneza kwa mkono wangu. Mume nikimwambia anasema, “Ni mchezo tu.” Kama ni mchezo tu, mbona yeye alilia siku mtu wake, nahodha wa Kifaranga, alipokatwa mkono?

Sitaki methali, mshauri, za methali ninazo. Tunakaa tena Jumamosi hii saa nane mchana. Nijibu kabla ya saa hiyo, kwa neno moja: nimwombe, au nisimwombe?

Fundi bomba niliyepokonywa fundi

*

Mwombe.

Umetaka neno moja, nimekupa. Haya yanayofuata ni nyongeza, na kwa kuwa umeniandikia barua ndefu kama bomba la mtaa mzima, utayasoma.

Kwanza, pole. Umekosewa, na aliyekukosea ni shemeji yako. Simu anayo, namba yako anayo, na alimgawa mtu wako kwa sababu tu uko kazini. Mwambie hivyo ana kwa ana, na usitabasamu unapomwambia. Mumeo naye aache hiyo “ni mchezo tu”. Mtu aliyemlilia nahodha wake hana mdomo huo.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomsema vibaya mama mkwe wako, sikupaona. Umekaa kuandika mashtaka, zikatoka sifa tupu. Unamhusudu mama huyo, na una haki, maana hata mimi niliposoma ile ngo ngo ngo nilishika kalamu nikasubiri kama mtu aliye kwenye kile chombo. Lakini usiniletee neno “nimeibiwa.” Nafasi uliiacha wazi mwenyewe, kwa kiburi, na sheria ya meza unaijua. Ulitengeneza mikono mizuri sana. Mwenzako kaileta roho. Huwezi kumwita mwizi mtu aliyeongeza kitu nyumbani kwako.

Unauliza ni nani aliyesema yale maneno. Ni mama. Koleo angemwamuru mwanagenzi ashike spana, basi. Anayezungumzia kiti na kuombwa ni mwanamke aliyekuja nyumbani kwa mkwewe na goti bovu, akawekwa kwenye kochi, na siku alipoitwa mezani aliambiwa “shikia.” Soma tena ulivyoandika mwenyewe. Aliambiwa ashikie. Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kumwambia, “Mama, kaa.” Kwa hiyo yeye naye hajui kama kile kiti ni chake au anakilinda tu mpaka mwenyewe arudi, na amechoka kukisia, ndiyo maana amekufungulia mlango. Mlango huo ukaujibu kwa kicheko.

Nakuelewa kwa nini. Mtu aliyejijenga mwenyewe huwa hodari kwa kila kitu isipokuwa kuomba. Unaweza kudai, kununua, kubeba. Kuomba kunakutisha kwa sababu aliyeombwa anaweza kukataa, na ukikataliwa hakuna hesabu ya kumpigia.

Basi fanya hivi. Usimtume mumeo. Usingoje mezani mbele ya watu, na usiombe kwa sauti ya mwanagenzi, hiyo ni kujificha. Ijumaa ukirudi kazini, oga, kaa naye kwenye hilo kochi, kaa kabisa, usisimame na mkoba begani kama mtu aliyekuja kusoma mita. Sema: “Mama, Koleo ni wangu, na nimempenda zaidi tangu ulipomshika. Namtaka arudi. Unanirudishia?” Halafu unyamaze. Umeona jinsi yeye anavyonyamaza baada ya kugonga, jifunze.

Akisema ndiyo, utampokea Koleo mzima, na baba yake, na mdogo wake, na kugonga kwake, na usifute hata mstari mmoja wa historia yake. Na kabla mama hajainuka kwenye kiti hicho, pawe na kiti cha tano mezani na alama arobaini zake mwenyewe atengeneze mtu wake. Usimwelekeze namna ya kuzigawa.

Akisema hapana, utakubali, na utamfanya mwanagenzi wako mtu anayestahili kusimama pembeni ya fundi kama yule. Mpe jina kwanza, maana nimeona umemwacha hana. Hutakuwa umepoteza kitu. Wapo wengi wanaotamani mama mkwe wao angewafokea walau mara moja kwa raha vile.

Ninachokukataza ni kuingia Jumamosi hiyo hujui. Mpaka Ijumaa taa zinapowashwa, uwe umepata ndiyo au hapana, wala usikubali “tutaona,” usikubali “wewe tu mwanangu.” Na akianza kukujibu kwa ile sauti nzito, mwambie kwa adabu kwamba Koleo apumzike kidogo, unamtaka mama ndiye ajibu.