Amekataa Kupokea

Jumatatu, 2 Septemba 2013
Muhuri umekauka wino tena. Nimeupumulia mpaka ukaandika. Kibali kimoja cha harusi, ugomvi mmoja wa mbuzi, na kikao cha choo cha shule, waliokuja watu sita. Mchana basi la Kasulu likaniletea bahasha ya baraza la ardhi. Samansi moja, nakala mbili. Niipeleke kwa Bibi Anisia, mjane wa kule bondeni. Shemeji yake, Evarist, ndugu wa marehemu mumewe, anadai shamba analolima bibi lilikuwa la baba yao, kwa hiyo ni lake. Shauri tarehe 8 Oktoba, Kasulu, saa tatu asubuhi.

Mgambo wangu, Bosko, alipoiona bahasha alirudi nyuma hatua moja. Miaka miwili nipo hapa, mtendaji wa kijiji, sijazoea. Kwetu Kondoa samansi ni karatasi ya kukuita uende ukasikilizwe. Hapa ukilitaja neno hilo wanakutazama kana kwamba umetaja ukoma.

Jumatano, 4 Septemba
Mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi bondeni. Jua, vumbi, viatu vimenichubua. Bibi Anisia alikuwa anapura maharage. "Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, akanikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda. Nilipotoa karatasi akaficha mikono kwapani.

Huku kitu ukikipokea kwa mikono miwili umekikubali. Dole gumba likigusa wino, umekwisha. Na bibi ana sababu zake. "Oya, sitaki, mtendaji. Mume wangu alitia dole kwenye karatasi ya Evarist, shamba la mtoni likaenda. Mimi sitii."

Nilimwambia mara moja tu kwamba kusaini si kukubali kosa. Akatikisa kichwa. Hasira zikanipanda. Utaratibu unataka nimsomee mbele ya shahidi, nimwachie nakala hata akikataa. Naujua. Nikaigeuza karatasi juu ya goti, nikaandika mgongoni: Amekataa kupokea. Nikasaini. Bosko akasaini. Nakala zote mbili nikazitia mkobani. Sikumsomea. Hata tarehe sikumtajia. Mtu mzima na jeuri zake, akaone mwenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba
Nakala yenye maandishi yangu imerudi Kasulu kwa basi la asubuhi.

Mchana kaja Bibi Anisia na kikapu cha maharage. Kaja kunishukuru. Anasema nimemwondolea ile karatasi, na sasa kesi imekwisha. Nilipaswa kusema hapohapo. Kulikuwa na watu wawili kwenye benchi, simu ikaita, nikapokea kikapu. Nikamwambia, "Asante, bibi."

Maharage matamu. Najichukia kidogo.

Jumanne, 24 Septemba
Mkutano Kitahana, maneno mengi. Wakati wa kurudi nilisimama kwenye njia panda ya bondeni. Nusu saa tu ningefika kwake. Nikajiambia nitakwenda kesho. Ukweli ni kwamba naogopa. Atauliza kwa nini sikusema siku ile, na Bosko ana mdomo.

Jumanne, 8 Oktoba
Jana mvua ya kwanza ya maana. Evarist kapanda basi alfajiri, kavaa koti la suti, na mashahidi wawili nyuma yake. Bibi Anisia yuko shambani anapanda mahindi. Bosko kaniambia bila kuulizwa. Sikutaka kujua.

Ijumaa, 11 Oktoba
Karani wa baraza kapiga simu. Mdaiwa hakutokea. Kwa maelezo ya mtendaji, alikataa wito kwa makusudi. Shauri litasikilizwa upande mmoja, tarehe 29.

Mtendaji ni mimi.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimemngoja nje ya kanisa lao. Tukakaa kwenye jiwe, mbali na watu. Nikaitoa nakala aliyopaswa kuwa nayo tangu siku ile, nikamsomea yote. Nikamweleza. Samansi haisemi nani ana kosa. Inasema njoo, siku hii, saa hii, useme ya kwako. Ukisaini unasema tu kwamba habari imekufikia. Usipokwenda, mwenzako atasema peke yake na maneno yake ndiyo yatakayoandikwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja. "Siku ile ulikuwa unayajua haya?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tumekubaliana kwenda wote Kasulu. Nimemwahidi nitaeleza kila kitu.

Jumanne, 29 Oktoba. Kasulu
Naandika nikiwa gesti. Basi la kurudi ni kesho. Bibi kalala chumba cha pili, au hajalala. Mimi sijui.

Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Mwenyekiti wa baraza si mtu mbaya, alimpa nafasi. Akamuuliza kwa nini hakuja tarehe 8. Bibi akajibu kwamba hakusomewa karatasi wala hakuachiwa. Mwenyekiti akasema kama ni hivyo, shauri litaanza upya na yeye atasikilizwa. Kisha nikaapishwa mimi.

Mwandiko ni wako? Ndiyo. Alikataa kupokea? Ndiyo. Ulimsomea na kumwachia nakala?

Neno moja tu lilihitajika. Akilini niliona barua ya kujieleza. Nikamwona mkurugenzi wa halmashauri. Nikamwona mama yangu Kondoa, ambaye anakula kwa kazi hii. Evarist alikuwa ananitazama.

Nikasema ndiyo.

Ni uongo, tena nimeapa. Bibi alikuwa kushoto kwangu, karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua. Shauri likaendelea upande mmoja. Wale mashahidi wawili wa Evarist wakaitwa, mmoja baada ya mwingine, na bibi akaambiwa akae nyuma.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa kwa sababu kule sikulisema.

Alhamisi, 12 Desemba
Hukumu imetoka. Shamba ni la Evarist, na nyumba pia kwa kuwa imo ndani ya shamba. Bibi ana siku arobaini za kuhama. Kaburi la mumewe nalo limo humo, hakuna aliyeliulizia.

Nimekwenda kwake. Mahindi yamefika kiunoni, mazuri kuliko ya jirani yeyote. Nikamwambia rufaa bado ipo, nitamwandikia mimi mwenyewe.

"Utaandika nini?" akauliza.

Angeniuliza kwa hasira ningejitetea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Jumatatu, 16 Desemba
Nimeanza barua kwa mkurugenzi mara tatu. Kwamba nilisema uongo mbele ya baraza. Mara zote nimefika kwenye mstari wa pili. Karatasi zote nimezichoma jikoni.

Bosko siku hizi akiingia anasalimia ukuta, hanitazami.

Jumatatu, 20 Januari 2014
Bibi Anisia kahama leo. Anakwenda kwa binti yake, Kabanga. Asubuhi kapita ofisini kuchukua barua ya utambulisho, maana kule uongozi hautamwandikisha bila barua. Nje jirani yake alikuwa ameshika baiskeli, imefungwa godoro na sufuria mbili.

Niliandika jina lake, umri, kijiji anachotoka, na kwamba ameishi hapa kwa amani na watu. Nikasaini. Nikamnyooshea.

Hakuichukua. Akavuta kigoda akakaa.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea yote, polepole, mpaka tarehe. Akaniambia nirudie pale kwenye amani na watu. Nikarudia. Akaichukua, akaitia ndani ya kitenge, akaniaga vizuri kama anavyoagwa mtu yeyote.