Mahali Pako Mwaloni

Bibi yangu mpenzi,

Mzee Rajabu, jirani yetu, anaumwa kifua tena. Tunamwombea apone, lakini ninaogopa kwamba akitangulia kufika huko atakusimulia mambo ya mwaloni, pale ufukweni mlipokuwa mnaanika samaki, kwa namna yake, na wewe unaijua namna yake. Atakuambia tumekufanyia vibaya. Kwa hiyo nimeamua nikuandikie mwenyewe, kwa utaratibu kama ulivyonifundisha: kwanza kilichotokea, halafu nani alisema nini, na maoni yangu yaje mwisho.

Mama hajambo. Baba bado yuko Kigwena kwenye michikichi, anarudi Jumapili na mafuta kidogo ya mawese. Mimi nimepanda darasa. Kitandani siku hizi ninalala peke yangu, na bado ninalala upande wa ukutani, kwa sababu upande wa mlangoni ni wako.

Sasa nikueleze mambo ya mtaa.

Ulipoondoka, wanawake wa mwaloni walikufanyia kama mlivyozoea kufanyiana. Hakuna aliyemwaga hata kisamaki kimoja cha ndagala mahali pako. Kila asubuhi, kabla hawajaanika, mmoja wao alipafagia, akaondoa majani na magamba, akapaacha patupu mpaka arobaini ipite. Mara nyingi alikuwa Mama Furaha. Tangu avuke kutoka Kongo hajawahi kuanika mbali na wewe, na hakutaka kuanza sasa. Siku moja nilimkuta anafagia huku anakugombeza: "Mwamini, jua limetoka, weye bado kulala?" Kisha akakaa chini juu ya beseni lake, akalia kidogo, akaamka akaendelea na kazi.

Unajua jinsi mahali pako palivyo pazuri. Tangu ziwa lilipopanda na kula mchanga wetu wa chini, wengine wamebanana kama samaki kwenye kapu. Wewe ulikuwa umechagua juu kabisa, karibu na barabara, na maji hayajawahi kufika hapo. Mama alikuwa anasubiri arobaini ipite ndipo aanze kuanika pale. Hatuna mahali pengine, na kazi yetu ni hiyo.

Basi mchana mmoja, wanawake wakiwa wameshakusanya ndagala zao na kwenda nyumbani, akaja bwana wa serikali kutoka komine, na kamba ya kupimia. Alikuwa anatafuta kiwanja ambacho hakina mtu. Akaona sehemu safi, imefagiwa, iko juu, haina hata wavu wa kuanikia. Akawauliza vijana waliokuwa wanashona nyavu ni nani anayeitumia. Wakamjibu kweli kabisa kwamba siku hizi hakuna anayeweka kitu pale. Hawakuongeza neno, naye hakuuliza zaidi. Akapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, akaenda zake.

Nimefikiri sana juu ya hilo, Bibi. Kama wangekuheshimu kidogo tu, wangeacha beseni pale, au gunia, na yule bwana angepita. Ni kwa sababu walikuheshimu sana ndiyo maana palionekana hapana mwenyewe.

Kesho yake Mama Furaha akavikuta vigingi. Aling'oa kimoja, akatembea nacho mpaka ofisi ya mtaa, akakiweka juu ya meza ya Shefu Anselmi, juu ya karatasi zake.

"Shefu, hii kitu inafanya nini mu nafasi ya rafiki yangu?"

Shefu akavaa miwani, akatafuta barua aliyoletewa na komine. Ilikuwa na Kifaransa kirefu. Aliisoma, akarudia tena kuisoma, halafu akavua miwani.

"Ni choo, Mama Furaha," akasema. "Wametupatia choo."

Hapa ninanyamaza kidogo, Bibi, kwa sababu najua unacheka. Cheka kwanza.

Ulikiomba tangu sijazaliwa. Mimi nilikua nikijua kwamba kila mkutano wa mtaa unakwisha namna moja: Shefu anauliza "Mambo mengine?" huku anaangalia juu, maana mkono wako umeshainuka. "Shefu, choo." Mkutano ukiwa wa vyandarua, wewe ni choo. Mkutano ukiwa wa wezi wa kuku, wewe ni choo. Siku walipokuja kutuahidi taa za barabarani na watu wakapiga makofi, ulisubiri makofi yaishe, ukasema: "Taa ni nzuri, Shefu. Zitatuangazia vizuri tukitafuta pa kujificha." Hata mgeni aliyeleta ahadi alicheka.

Vijana walikuita Bibi Choo. Hamisi fundi wa mashine za mitumbwi alikuwa analiita jina hilo kwa kelele akiwa majini, mbele ya wateja wako. Nawe hukukasirika. Ulimjibu kwa sauti ileile: "Hamisi, siku kikijengwa, wewe utasimama wa mwisho kwenye mstari."

Watu walicheka tu. Mimi nilijua kilicho chini ya kicheko, kwa sababu wakati wa likizo nilikaa na wewe pale mchangani. Wanaume huenda nyuma ya mitumbwi. Mwanamke hawezi, wala hawezi kuziacha ndagala akimbie nyumbani, maana kunguru wapo, kuku wapo, na mvua haipigi hodi. Basi ulikuwa hunywi maji tangu alfajiri mpaka unarudi nyumbani. Kile kidumu chako cha njano kilikuwa cha kunawa mikono tu. Ulimzoeza Mama hivyo, na mimi ukanizoeza. "Lowesha midomo, mjukuu wangu. Lowesha tu."

Ulipokuwa umelazwa, muuguzi aliuliza kwa nini mwili wako umekauka hivi na kwa nini huyagusi maji yaliyo kando yako. Ulimwambia, "Nitakunywa nikirudi nyumbani." Akadhani umechanganyikiwa. Mimi nilielewa, lakini sikuweza kumweleza.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, baada ya kazi za jamii, palepale mwaloni. Watu walikuwa bado na majembe yao. Wanawake walikaa juu ya mabeseni waliyoyapindua. Bwana wa komine alikuja mwenyewe, na ukweli lazima niuseme, si mtu mbaya. Alipoelezwa habari ya mahali pako alivua kofia. "Mumbabarire, mnisamehe," akasema, "sikujua." Halafu akaeleza kwamba choo lazima kiwe juu, maji yasipofika, na karibu na barabara, ili gari la kukinyonya lifike. Kwetu mahali pa namna hiyo ni hapo pako tu. Matofali yalikuwa tayari. Tusipokubaliana siku ileile, yangepelekwa mwalo mwingine, na kurudi kwetu hakujulikani.

Mama Furaha akasimama wa kwanza. "Choo juu ya nafasi ya marehemu? Hapana. Iko haya. Kesho mutu akiniuliza naenda wapi, nitamujibu nini? Naenda kwa Mwamini?"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu kwamba wamecheka.

"Na mtoto wake ataanika wapi?" akauliza mwingine. "Hewani?"

Chantali, yule mwanamke kijana aliyekuwa anaanika upande wako wa kushoto, akanyoosha mkono akiwa amekaa. Tumbo lake sasa ni kubwa. "Mimi niko na mimba, Shefu," akasema. "Haya nimeiacha nyumbani."

Hapo wakaanza kusemeshana wote kwa pamoja, Kiswahili na Kirundi, mpaka Shefu akapiga beseni kwa ufunguo wake.

"Nyumba ya Bibi Mwamini iseme," akasema. "Itakachosema, ndicho tutakachofanya."

Mama alisimama. Akanishika bega. "Zuhura aseme," alisema. "Yeye ndiye alikuwa analala na Mama."

Bibi, unakumbuka ulivyonifundisha kusimama mbele ya darasa, miguu ikae imara na macho yamtafute mtu mmoja tu? Nilimtafuta mtu mmoja. Nilikutafuta wewe pale unapokaaga, na hukuwepo. Nikasema hata hivyo.

Niliogopa sana. Nikikubali, ninampokonya Mama mahali pa kufanyia kazi mbele ya watu wote. Nikikataa, ninakuzika wewe mara ya pili, safari hii pamoja na ombi lako. Sikuwa nimejiandaa, kwa hiyo nilisema nilichokuwa ninakijua. Nilisema: "Bibi yangu hakuomba choo kijengwe mahali pa watu wengine. Aliomba choo. Angekuwa amekaa hapa leo, na bwana huyu akamwambia kinapatikana lakini kinachukua mahali pake, angeuliza jambo moja tu: mlango unafungwa kwa ndani?"

Walicheka, Bibi, lakini kicheko cha kukukumbuka. Mama Furaha alijifunika uso na kitenge.

Halafu nikasema, "Lakini Mama pia lazima aanike." Nikakaa.

Kisha Mama Furaha akaamka, akaenda kwenye wavu wake, ule uliopakana na wako, akaushika pembe akauvuta pembeni kuelekea chini. Akamwangalia jirani yake.

"Sogea."

"Nisogee wapi, dada?"

"Sogea tu. Na yeye atasogea. Weye naye, unaangalia nini? Sogea."

Mmoja akavuta wavu wake, na wa pili akavuta wake, na Chantali akavutiwa wake na Shefu mwenyewe, mpaka mstari mzima ukawa unatembea kuelekea majini. Mwishoni kabisa, mwanamke wa mwisho akawa hana pa kusogea, maana mbele yake palikuwa na mtumbwi wa Hamisi. Wote wakamgeukia Hamisi. Akajikuna kichwa, akawaita wenzake, wakausukuma mtumbwi mpaka upande wa pili wa mawe.

"Bibi Choo ananihamisha hata akiwa kaburini," akasema, na alikuwa anatabasamu.

Walipomaliza, pale katikati, kati ya Mama Furaha na Chantali, palikuwa na nafasi tupu inayotosha wavu mmoja. Mama akaenda akasimama hapo. Alivua viatu vyake, akakanyaga mchanga kama mtu anayeingia nyumbani.

Kwa hiyo Mzee Rajabu akikuambia wamekufukuza mahali pako, mjibu hivi: leo mwaloni hakuna hata mwanamke mmoja anayeanika mahali pake pa zamani. Kila mmoja alitoa kipande.

Choo kimejengwa. Ni cha matofali, upande mmoja wanawake, upande mmoja wanaume, na milango ya bluu. Siku ya kufunguliwa Hamisi alijipanga karibu na mbele. Mama Furaha alimshika shati. "Weye, nyuma." Alikwenda nyuma, Bibi, bila kubisha, akasimama wa mwisho mpaka zamu yake ilipofika.

Kuna kasoro moja. Mlango wa wanawake haufungwi kwa ndani. Wameweka kitasa cha nje tu. Sasa wanakwenda wawili wawili, mmoja anashikilia mlango na kuimba ili watu wajue kuna mtu. Mama Furaha huchagua nyimbo ndefu kwa makusudi, na aliye ndani akimaliza analazimika kusubiri ubeti uishe.

Katika mkutano uliopita, ambao ulikuwa wa takataka za sokoni, Shefu alifika mwisho, akauliza, "Mambo mengine?" Akaangalia juu kwa mazoea. Halafu akateremsha macho mpaka pale ulipokuwa unakaa, akasubiri kidogo, kana kwamba hawezi kufunga mkutano bila wewe. Nikainua mkono.

"Shefu, komeo."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Haya," akasema, "amerudi." Watu wakapiga makofi. Bado hajaniahidi chochote. Amesema atapeleka komine.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa yanakuja mwisho. Zamani nilidhani ulikuwa unashindwa kila mkutano. Siku hizi ninaona kwamba ulikuwa unatuzoeza tusikie neno hilo bila kuona haya, ili siku likija lipate watu wa kulikubali. Nikimaliza shule ningependa kufanya kazi komine, niwe yule anayekuja na kamba ya kupimia. Nitauliza mara mbili ni mahali pa nani.

Nakuaga hapa, Bibi. Pumzika. Ninakuahidi kwamba mkono wangu utainuka katika kila mkutano mpaka mlango ule ufungwe kwa ndani, na ukishafungwa nitatafuta kinachofuata, kwa sababu najua ungekuwa nacho tayari.

Jana nilipotoka shule nilipitia mwaloni. Jua lilikuwa kali, ndagala zilikuwa zinang'aa kote. Mama alikuwa amekaa katikati ya wenzake, na kidumu chako cha njano kilikuwa miguuni pake. Alikiinua, akanywa. Akapumua, akanywa tena, mpaka maji yakamtiririka kidevuni na kuingia shingoni. Kisha akanipa mimi.

Mjukuu wako,
Zuhura