Waffle za Ijumaa na Unga wa Kathonzweni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mungu akutunze wewe na nyumba yote. Goti lako la kushoto linasemaje? Mvua je, imegusa hata shamba la chini, au bado mnaangalia mawingu yakielekea Kitui? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia. Mwende, yule msichana wa kijiji cha Salama anayefanya kazi huku, anapanda ndege kesho, atakuletea barua hii mkononi.

Katika nyumba hii ninayofanya kazi huku ng'ambo, kila Ijumaa asubuhi hupikwa waffle. Ni unga mwepesi kama wa chapati za maji, lakini unamiminwa kwenye mashine ya moto yenye vidirisha, inafungwa kama kitabu, na kinatoka kitu cha miraba, kigumu kidogo nje, laini ndani. Madam hualika dada zake. Wanajaza asali kwenye vile vidirisha, wanacheka, ni kama sikukuu ndogo ya kila wiki. Siku hiyo hata mimi huitwa kwa jina langu.

Ijumaa iliyopita niliandika katika shajara: "Unga mweupe umebaki vikombe viwili. Duka limefungwa." Nikakumbuka ule unga wa uji ulionitumia kutoka nyumbani Kathonzweni, nikachanganya nusu kwa nusu. Mwaitu, jikoni kulinukia kama kwako alfajiri. Walikula hadi sahani zikang'aa.

"Leo umetulisha uchawi gani?" dada mkubwa wa madam akaniuliza.

Nikajibu kwa majivuno, "Ni unga wa mama yangu. Mawele, mtama na wimbi."

Madam akaacha kucheka. "Una njugu?"

"Hauna, madam."

Jibu lilitoka kabla sijafikiri. Akaniamini, akaweka kwenye friji waffle mbili za Dana, binti yake wa miaka sita, aliyekuwa kwa nyanya yake. Dana akionja njugu koo hufura, pumzi hukatika. Sindano yake nilionyeshwa siku ile ile niliyofika.

Nikiosha vyombo, nikakukumbuka. Nilikuona pale kwa posho mill tunakosagia nafaka, ukitia kiganja cha njugu kwenye debe na kusema, "Kidogo tu, mtu ashibe." Lakini si kila mara ulifanya hivyo. Nikaonja ule unga mkavu mara tatu, sikujua. Nikapiga simu yako, imezimwa. Nikawaza kuzitupa zile waffle kimya kimya, lakini madam alikuwa ameshaagiza nipike hivyo hivyo Ijumaa ijayo.

Saa kumi jioni Dana aliingia jikoni mbio, madam nyuma yake. "Wamesema nimewekewa! Ziko wapi?"

Nikasimama mbele ya friji. "Madam, nilijibu bila kujua. Huenda ule unga una njugu."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Alitia waffle, unga na ile mashine kwenye mfuko, akaufunga mara mbili, akaniambia ninawe hadi kwenye viwiko. Sasa ni siku ya nne anapika mwenyewe. Kwangu hasemi ila "fagia" na "funga mlango." Jana nilimsikia akiongea kwa simu na ajenti aliyenileta huku, akataja jina langu mara mbili. Pasipoti yangu iko kwake. Msichana aliyekuwa hapa kabla yangu alirudishwa bila kuambiwa kosa. Kila gari likisimama nje, nachungulia dirishani.

Nisalimie mjomba anayetuchungia mbuzi, na wifi mwenye kibanda cha nyanya pale sokoni. Mzee wa kanisa mwambie aniombee, lakini asinitaje kwa jina mbele ya watu.

Mwende atarudi huku baada ya wiki tatu. Kama bado nitakuwepo, mpe jibu la maandishi. Kwa simu ungesema "hapana, mwanangu" ili nipate usingizi. Usianze na salamu, mwaitu. Anza na njugu. Kama ulitia, andika ulitia. Nataka kujua nilikaribia kiasi gani kumdhuru mtoto wa watu.

Ni mimi binti yako,
Mutheu