Gauni Lako Nimeliweka Mwisho Makusudi

Furaha, mjukuu wangu uliyesahau njia ya Kamembe,

Huna haya. Tangu tulipopanda maharage hadi tumeyavuna hujakanyaga hapa. Halafu nasikia kwa mama yako eti unataka kukodi gauni la arusi huko Kigali, kwa sababu mimi bibi yako, Koko wako, nina mashini moja tu na nguo za familia nzima zinaisubiri. Kukodi gauni lililoloweshwa jasho na muntu usiyemjua! Keti unisikilize. Maman Neema, jirani yetu, ndiye anayeniandikia, na nimemkataza kupunguza ukali.

Umesahau nguo za kwaya? Ulikuwa bado msichana wa shule. Mimi nilikuwa nashona gauni la huyu mpaka liishe ndipo nishike la yule, kwa zamu waliyokuja. Wewe ukasimama kando ya mashini, ukasema, "Koko, tushone mikono ya magauni yote kwanza. Ya mwisho itajiendea yenyewe." Nikakuita mvivu. Lakini tulijaribu. Ya kwanza ilitutesa, tukafumua, tukarudia, na kufika jioni mguu wangu ulikuwa unakanyaga pedali bila kuniuliza. Kitambaa cha kola kilipokwama ng'ambo ya daraja la Rusizi, upande wa Bukavu, hukuniacha nikae nikilalamika. Ulinisukumia mapindo, ukasema mashini isilale. Tulicheka mpaka uzi ukakatika.

Basi ndivyo nifanyavyo sasa, na moyo wangu unaruka.

Mtindo huu wa mabega mliouchagua sikuwahi kuushona. Gauni la kwanza lilinilia siku nzima. Shangazi yako Vumilia alipoona lako nimelipanga mwisho alikuja juu, kwamba bibi arusi hawezi kupanga foleni nyuma ya bamaman na batoto wa kubeba maua.

"Sijifunzii kwenye gauni la bibi arusi," nikamwambia. "Gauni la kwanza ndilo la kujifunzia, Vumi, na ni lako."

Alinuna, akaligeuza ndani nje kutafuta kasoro. Akaikuta begani. Nimeshamfumulia na kumshonea upya, na safari hii bega lilikaa mara moja.

Tena hata ningetaka kuanza na lako, ningeanza na nini? Lesi yako ilikuwa bado Bukavu. Kila asubuhi niliwauliza wachuuzi wanaotoka darajani, kila asubuhi wakatikisa kichwa, nami nikarudi kwenye mashini kushona za wengine. Sikufichi, niliogopa. Niliogopa itachelewa, nawe utakodi.

Furaha, leo imevuka. Nimenawa mikono mara mbili ndipo nikaifungua juu ya kitanda. Ni nyeupe, laini, ina maua madogo pembeni, na sijathubutu kuitia mkasi. Nguo za wengine zote zimeisha. Mashini ni yako peke yako, na mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi hivi tangu babu yako anioe. Lakini mkono huu ukikaa bure utaanza kusahau, ndiyo maana sitaki kusikia eti utakuja wiki ijayo.

Panda basi la asubuhi. Uje na viatu vyenyewe utakavyovaa kanisani, siyo picha yake kwenye simu, maana upindo nitaupima ukiwa umesimama navyo mbele yangu.

Koko wako, aliyemzaa mama yako