Rangi ya Zambarau Darasa Zima

Tarehe 14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Leo nakueleza yote, sifichi hata nukta. Ile tmux uliyonionyesha, programu inayogawa skrini ya amri vipande vipande, nimeipanga mwenyewe! Ila kwa nywila aliyonipa mwalimu niliandika mipangilio yangu kwenye /etc/tmux.conf, faili la watu wote katika kompyuta kuu ya darasa, badala ya folda yangu. Skrini za darasa zima zikawa zambarau!

Mwalimu alicheka. "Bibi mkubwa, umetupaka rangi sote! Hamishia kwako."

Nilipomsimulia baba, akauliza, "Kaka yako ndiye aliyekufundisha?" Tangu mgombane hakuwahi kukutaja! Mama aliacha kukata vitunguu, akanitazama.

Kaka, nijibu upesi: likizo hii utakuja nyumbani?

Mdogo wako,
Kitindamimba