Ushauri kwa Mgeni wa Nusu Siku

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na binti yenu. Hujambo lakini? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Sisi huku ni wazima. Mvua imekatika, bati la jikoni limezibwa, na Mama anakula vizuri kuliko alivyokula kwa miaka mingi. Habari za Mama nitazifikia, usiwe na haraka. Haraka hukuwahi kuwa nayo.

Nimepokea barua yako yenye maswali kumi na manne. Unauliza kama maji ya bomba yananyweka, pesa zinabadilishwa wapi, mbu huzidi miezi gani, na mchomwe sindano zipi kabla ya safari. Nilipofika kwenye maji nilicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia mapokezi. Hayo ndiyo maji uliyoogeshwa siku uliyozaliwa, Kaka. Lakini aulizaye hujibiwa, na mimi nimekaa mapokezi ya hoteli miaka kumi na mmoja nikijibu maswali hayahaya kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga hapa. Nitakujibu kama ninavyowajibu wao.

Uwanja wa ndege, panga foleni ya kushoto, ya wenye pasi za kigeni. Miguu yako itataka kwenda kulia kwa mazoea. Ikataze, maana pasi yetu uliirudisha kwa hiari yako mwenyewe. Afisa atakuuliza umekuja kufanya nini. Mjibu matembezi. Ukimwambia umekuja nyumbani ataichukua viza yako na kuimulika kwenye taa mara ya pili.

Pesa badilisha benki, mjini, si pale uwanjani. Teksi patana bei kabla hujafungua mlango, wala usijifanye mwenyeji kwa lugha yetu. Siku hizi unaizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na dereva atakujua kabla hujamaliza salamu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maji kunyweni ya chupa. Chandarua kipo hotelini. Kaptula ziache hukohuko. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti kama yako hana haja ya kuyatangaza. Sokoni usimpige mtu picha bila kumwomba. Muuza nyama wa pale kona ana ndoo ya maji machafu kwa ajili ya wageni wenye kamera, na shabaha yake ni nzuri.

Wifi naye anauliza alete zawadi gani. Asilete nguo kuukuu. Mara ya mwisho mlituma sanduku zima, na nusu yake ilikuwa soksi za mguu mmoja.

Sasa ratiba yako. Imepigwa chapa vizuri, siku kumi na mbili. Siku ya tatu ni bwawa la kuogelea na kukandwa mgongo. Siku ya nne umeandika: "Asubuhi, Mama (nusu siku). Mchana, duka la vinyago." Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata jembe hulisubiri. Halafu chini yake umeandika kwamba kumwona Mama ndilo jambo kubwa la safari nzima, na kwamba nimwandae. Hapo ndipo ninapolazimika kukueleza jambo ambalo sijakueleza.

Kaka, hapa nyumbani wewe umeshakufa.

Keti kwanza. Unaikumbuka Desemba ile uliyosema unakuja? Unazikumbuka zote tano? Kila mwaka Mama alipaka chumba chako chokaa, akafunika cherehani wiki mbili nzima, akawarudisha wateja na vitambaa vyao, akakaa mlangoni kwenye kigoda tangu asubuhi. Mara ya tano ulipiga simu, eti uko uwanjani, ndege imechelewa kidogo. Imechelewa mpaka leo. Siku ya tatu Mama alianguka palepale kwenye kigoda. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, presha hii haitokani na ugonjwa mwingine. Huyu anasubiri tu. Akisubiri tena namna hii, utamzika."

Nilifikiri wiki nzima. Nikaona kama lazima mmoja azikwe, afadhali uzikwe wewe, maana haitakuuma. Nikamwambia umefariki ghafla, na wenzako wamekuzika hukohuko. Tuliweka msiba hapa. Jirani yetu tunayemwita Redio alilia kuliko wote. Baba Mdogo, ambaye peke yake nilimweleza ukweli, alinigombeza jikoni kwa sauti ya chini, kisha akatoka kwenda kupanga viti. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Wamemzika pakavu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Sasa najua alipo."

Alilia mwezi mzima. Halafu asubuhi moja akanawa uso, akafunua cherehani, akaanza na gauni la mteja lililokuwa limekaa tangu mwaka uliopita. Leo anashona, amenenepa, anataniana na wateja, na presha imeshuka. Chumba chako amempangisha seremala. Nakuambia bila kupepesa macho: kifo chako kimemfaa kuliko uhai wako.

Unaona ni ukatili? Hata mimi naona. Nimemdanganya mama yangu mzazi na iko siku nitaulizwa. Lakini sikiliza na hili. Wiki ileile ya msiba nilibadilisha namba ya simu ya Mama, nikakaa na hofu kwamba ukimkosa utanipigia mimi, nami nitabanwa niseme. Kila simu yangu ilipolia, nilitazama namba kwanza. Sasa umepita mwaka na miezi mitano. Hukuuliza. Umekuwa marehemu mwaka mzima, Kaka, na hukugundua. Hilo liliniuma kuliko uongo wangu, na bado linaniuma ninapoandika hapa.

Basi pokea ushauri wa mwisho. Siku hiyo ya nne usije asubuhi. Njoo saa nane mchana Redio akiwa amelala, maana huyo akikuona itakuwa kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Pitia uchochoro wa kiwandani, vaa kofia, na familia yako iache hotelini. Lete suruali mpya inayotaka kupunguzwa urefu, kwa sababu fundi wetu hapokei watu wanaokuja kukaa tu. Nitakuwa mlangoni. Nitamwambia mteja huyu ametoka kung'olewa jino, hawezi kuzungumza.

Macho ya Mama yameingia ukungu, siku hizi anapima kwa vidole zaidi. Atakuzungushia futi kiunoni. Kisha atapiga magoti mbele yako, pini mdomoni, akushike kifundo cha mguu kutafuta suruali iishie wapi. Utauona utosi wake, na nywele zake zote ni nyeupe. Simama wima. Ukilia, lia kimya, na machozi yasimdondokee. Vidole vyake vikikutambua vyenyewe, hilo mimi siwezi kulizuia. Visipokutambua, atakuambia urudi kesho kuchukua mzigo wako, utaitikia kwa kichwa, utaondoka. Ni robo saa tu, kwa hiyo duka la vinyago utaliwahi.

Au fungua mdomo umwite Mama. Sikukatazi, kinywa ni chako na mama ni wako. Ila ukimwita umefufuka, na aliyefufuka hana tiketi ya kurudi. Ichane palepale mlangoni, uingie ndani, seremala atatafuta pengine pa kulala. Usije ukamwita, ukala chakula chake, halafu wiki ijayo ukapanda ndege, yeye akarudi kwenye kigoda. Kukuua mara moja niliweza. Mara ya pili atakayekufa ni yeye.

Baba Mdogo anakusalimu sana, na anasema hajawahi kumsalimu mtu baada ya kumpangia viti vya msiba wake. Nami nisalimie wifi na binti yetu. Mungu awasafirishe salama, akupe ama ulimi wa kunyamaza ama moyo wa kubaki.

Mama hakusalimu. Yeye hukuombea tu, kila jioni, ulale pema.

Wako akupendaye hata hivyo,
Mdogo wako.